Anzeni na Pangaboi

Orodha za vikundi vinavyotaka kufungua karakana ya matengenezo ya shehia hapa Zanzibar hufanana. Juu kabisa printa ya 3D, chini yake kompyuta, chini yake viti. Bisibisi huja mwisho, kama zitakuja. Printa si kitu kibaya, ina siku yake. Lakini pita katika nyumba za Mwanakwerekwe au za Wete mwezi wa tatu saa nane mchana, kaskazi imeshalegea na masika hayajaanza, utayaona mapangaboi yanavyosuasua hadi mtu aliyelala chini anaweza kuyahesabu mapanga. Karakana ianzie hapo.

Pangaboi lina karibu kila somo la mwanzo ndani yake: mota, kapasita, beringi, maungio ya waya, na uzito unaoning'inia juu ya vichwa vya watu. Linafunguka kwa bisibisi na spana mbili. Likimharibikia mwanagenzi, hasara si kubwa. Likipona, mwenye nyumba analala vizuri usiku uleule na asubuhi mtaa mzima una habari.

Ugonjwa wake mkubwa ni kapasita, kile kidude cheusi cha mraba chenye waya mbili, kinachokaa chini ya kikombe cha plastiki karibu na mota. Mara nyingi kimeandikwa 2.5 µF (mikrofaradi, kipimo cha ukubwa wa kapasita), na volti 400 au 450. Mota ya pangaboi ina koili mbili. Kapasita huufanya umeme wa koili ya pili uutangulie kidogo ule wa koili ya kwanza, na tofauti hiyo ya wakati ndiyo inayoipa mota upande wa kuzungukia. Bila hiyo mota huvuma tu, haijui iende wapi. Ndani ya kapasita mna utando mwembamba wa plastiki uliopakwa chuma. Panapopenya cheche, kipande cha chuma kile huungua na kapasita hujiponya, lakini kila ikijiponya hupungua. Unyevu unaharakisha. Miaka ikipita, ile ya 2.5 imebaki 1.6, na pangaboi linatambaa.

Kabla ya kugusa, zimeni kwenye sakiti breka, si kwenye swichi ya ukutani peke yake. Swichi zilizofungwa kinyume, zinazokata nyutro (waya wa kurudishia umeme) na kuacha laini (waya wa kuletea umeme) hai juu ya dari, zipo nyingi kuliko mafundi wanavyopenda kukiri. Kisha gusanisheni miguu ya kapasita kwa rezista ya kilo-omu 10 kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani utoke. Kugusanisha miguu hiyo kwa bisibisi kunafanya kazi hiyo pia, ila hutoa cheche na kuitesa kapasita. Ndipo mpime. Nyingi huruhusiwa kupishana na maandishi yake kwa asilimia 5, yaani ya 2.5 isome kati ya 2.4 na 2.6 hivi. Ikisoma chini ya 2.25, itupeni.

Kama mita yenu ya mkononi haina kipimo cha kapasita, lipo jaribio la kizamani. Washeni pangaboi, halafu lisukumeni panga kwa kijiti cha mbao. Likianza kuzunguka na kuendelea, lizimeni, lisukumeni upande wa pili. Likikubali kwenda pande zote mbili, kapasita imekufa au koili ya pili, ile ya kuanzishia, imekatika. Kujua ni ipi kati ya hizo, zimeni tena kwenye breka, chomoeni kapasita, mpime omu, yaani ukinzani, kati ya waya tatu za mota, mbili mbili. Mota nzima hutoa namba tatu ambazo mbili ndogo zikijumlishwa zinakuwa sawa na ile kubwa: tuseme 180, 220 na 400. Jozi moja ikisoma na mbili zikikataa, koili moja imekatika, na kazi hiyo ni ya msukaji wa mota.

Kosa linalorudiwa sana ni kuweka kapasita kubwa zaidi ili pangaboi "liende kasi". Ukiweka 4 mahali pa 2.5, mwendo unaongezeka kidogo, joto la koili linaongezeka sana, na baada ya kiangazi kimoja mnasikia harufu. Kosa la pili ni kuweka ya volti 250 kwa hoja kwamba umeme wa nyumbani ni 230. Volti inayosimama kwenye kapasita ya mota ikiwa inazunguka hupita ile ya ukutani. Wekeni 400 au 450, iliyoandikwa AC.

Pangaboi linalokwaruza lina shida ya beringi. Namba imechongwa ubavuni, mara nyingi 6201 au 6202. Ya 6202 ina tundu la milimita 15, kipenyo cha nje 35, unene 11. Herufi za mwisho ni muhimu kwetu: ZZ ni kifuniko cha bati, 2RS ni cha mpira. Karibu na bahari chukueni ya mpira. Wakati wa kuivika kwenye shafti, nguvu ipite kwenye pete ya ndani tu: tafuteni kipande cha bomba kinachokaa juu ya pete hiyo, mpige taratibu. Mkipiga pete ya nje, nguvu inapita kwenye gololi, kila gololi inachimba kijishimo chake, na beringi mpya inakuwa na kelele kabla haijafika darini. Mwisho, mkilirudisha juu, ile pini ya kupasuka inayozuia boliti ya kuning'inizia isichomoke ipanuliwe miguu yake. Msumari haushiki nafasi yake.

Kifaa cha pili ambacho karakana haiwezi kukikosa hakinunuliwi, kinatengenezwa siku ya kwanza, nacho kinafundisha zaidi ya mhadhara. Ni taa ya majaribio. Mnahitaji ubao wa plaiwudi wa sentimita 30 kwa 40, holda ya taa, soketi moja ya pini tatu, swichi, waya wa milimita za mraba 1.5 wenye nyuzi tatu, mita mbili, na plagi yenye fyuzi ya ampea 3. Laini ikitoka kwenye plagi inapita kwenye swichi, inaingia holda ya taa, inatoka upande wa pili wa holda, ndipo inafika kwenye soketi. Nyutro na ethi zinakwenda moja kwa moja. Taa iwe ya zamani, ile ya waya unaowaka, wati 100. Siku hizi ni adimu, lakini ya halojeni inakubali. Taa ya LED haifai kabisa kwa kazi hii.

Chochote kilichofunguliwa na kufungwa tena kichomekwe hapo kwanza. Kama ndani kuna shoti, taa inawaka kwa nguvu zote na mambo yameishia hapo. Taa hiyo hairuhusu zaidi ya ampea 0.43, kwa hiyo hakuna mlipuko, hakuna breka iliyoanguka, hakuna moshi. Kama saketi imekatika, taa haiwaki. Chaja ya simu iliyo nzima huifanya taa imulike kidogo na kuzimika. Pangaboi zima huifanya iwake hafifu.

Ila taa hii inaweza kusingizia. Pasi ya wati 1000 iliyo nzima kabisa inaonekana kama shoti, taa inawaka karibu yote, maana omu za pasi ile ni kama 53 tu na za taa ni zaidi ya 500. Kwa vitu vya joto, yaani pasi, birika na hita, pimeni omu kwa mita badala yake. Friji nalo compresa yake haitaanza kupitia taa, msije mkaihukumu. Na kubwa kuliko yote: taa inalinda kifaa, hailindi mtu. Ampea 0.43 ni zaidi ya mara kumi ya milliampea 30, ambazo breka ya kuzuia shoti ya mwili hukatia. Breka hiyo ya milliampea 30 iwekwe kwenye laini inayolisha meza, na kitufe chake cha kujaribia kibonyezwe kila mwanzo wa mwezi.

Sasa chumvi. Vitabu vingi vya ufundi vimeandikwa na watu wanaoishi mbali na bahari, na mtu anayevifuata neno kwa neno Nungwi au Mkoani atarudi kutengeneza kitu kilekile kila mwaka. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu unapopita asilimia 75, na kwetu usiku mwingi unapita hapo. Maana yake utando wa chumvi uliokaa juu ya maungio haukauki. Umeme unatambaa juu yake, na panapokutana metali mbili tofauti, moja inaliwa na mwenzake. Shaba iliyofungwa moja kwa moja kwenye fremu ya aluminiamu ya paneli ya sola huitafuna ile aluminiamu ikawa unga mweupe. Kati yao iwepo kichwa cha waya (lagi) kilichopakwa bati, boliti ya chuma kisichoshika kutu, na grisi juu yake.

Maungio ya kusokota na kufunika kwa tepu ndiyo chanzo cha nusu ya kazi itakayowafikia. Joto linaiyeyusha gundi ya tepu, tepu inajifungua, hewa ya bahari inaingia, na shaba inageuka kijani, kisha nyeusi. Unyevu hupanda ndani ya ganda la waya kama mafuta kwenye utambi. Kwa hiyo ukikata sentimita moja ukakuta shaba nyeusi, kata tena. Wakati mwingine ni shubiri nzima kabla hujaona shaba inayong'aa. Hapo tu ndipo pa kuungia, kwa kubana au kwa risasi.

Kwa risasi, ya 60/40 (bati 60, risasi 40) inayeyuka kati ya nyuzi 183 na 190, na ncha ya kuchomea iwe kama 350. Mwanagenzi hukosea kwa kuyeyusha risasi kwenye ncha na kuidondosha juu ya waya uliopoa. Itakaa kama jongoo aliyejikunja, kijivu na ya mviringo, na itabanduka. Pasheni maungio moto, risasi iguse maungio upande wa pili, sekunde mbili au tatu, itavutwa yenyewe na kulala kama mlima mdogo unaong'aa. Dawa ya kusafishia iwe ya utomvu, ile iliyomo ndani ya risasi ya elektroniki. Dawa ya tindikali wanayotumia mafundi bomba na bati isikaribie waya, inaendelea kula miezi baada ya kazi kwisha. Kisha mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani, na waya uwekewe tumbo: ushuke chini ya tundu la kuingilia kabla ya kupanda, ili maji ya mvua yadondokee hapo.

Simu zilizoanguka baharini zitakuja nyingi, hasa kutoka kwa wavuvi, na nyingi zitakuja zimezikwa ndani ya mchele. Mchele hauondoi chumvi. Toeni betri kwanza, kama bado ni nzima na haijavimba, osheni bodi kwa maji yaliyochemshwa kuwa mvuke na kupozwa, yale ya kuongezea betri za gari (si tindikali, mafundi, someni chupa), kisha spiriti ya asilimia 99, mswaki laini, na kivuli chenye upepo. Saa za mwanzo ndizo zinazoamua. Iliyokaa siku tatu ndani ya mchele ni ya kufundishia.

Kwenye sola, somo moja linatosha kwa mwaka wa kwanza: unene wa waya. Chukua paneli ya wati 100 inayofanya kazi kwenye volti 18, inatoa kama ampea 5.6. Iko juu ya paa, betri iko chumbani, waya mita 10. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 20. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 kwa mita 20 una omu 0.23, zidisha kwa 5.6, umepoteza volti 1.3 njiani. Kwa waya wa milimita za mraba 4 unapoteza kama nusu volti. Kwenye paneli hasara hiyo inavumilika kidogo. Upande wa pili, kati ya kidhibiti cha chaji na betri, ni balaa: kidhibiti kinaona volti 14.4 na kudhani betri imeshiba, kumbe kwenye miguu ya betri ni 13.4 na haijashiba kamwe. Betri ya risasi isiyoshiba huota ukoko mweupe kwenye bati zake na kufa kabla ya umri. Mwenyewe atalaumu betri, atanunua nyingine, nayo itakufa vilevile. Kidhibiti kikae karibu na betri, chini ya mita moja, kwa waya mnene. Asubuhi kabla ya jua, taa zote zimezimwa, betri ya volti 12 ipimwe: 12.7 imejaa, 12.1 iko karibu nusu, na ikizoea kulala chini ya 11.9 mkataba wake umeshaandikwa.

Pampu za visima nazo zina kitendawili chake cha hapa. Pampu iliyokaa juu ya ardhi haivuti maji. Inatoa hewa, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Uzito huo unaweza kuinua maji mita 10.3 kwa hesabu, na kwa pampu za kawaida ni 7 tu. Pimeni kwa uzi na jiwe kutoka pampu hadi usoni mwa maji, na katika visima vya pwani pimeni wakati maji ya bahari yamekupwa, siku za bamvua. Mwamba wetu wa matumbawe una matundu, kisima cha Jambiani kinapanda na kushuka na bahari. Pampu inayofanya kazi asubuhi na kugoma jioni si lazima iwe mbovu. Pengine kina kimefika mita 8. Dawa yake ni kuishusha pampu kwenye kizingiti ndani ya kisima au kutafuta ya kuzama. Kuongeza nguvu za farasi hakusaidii kitu, na kuvuta sana kunaleta maji ya chumvi kutoka chini.

Kama kina ni kizuri na pampu inatema hewa, kuna tundu kwenye bomba la kuvutia au valvu ya chini inavuja. Povu la sabuni halitaonesha tundu upande huo kwa sababu linavutwa ndani. Pakeni grisi nzito kwenye ungio moja baada ya jingine, pale sauti itakapobadilika ndipo penyewe. Na pampu iliyokaa masika yote bila kuwashwa, ikivuma bila kuzunguka, izimeni haraka. Ina kutu kati ya gurudumu na kasha. Ichomoeni, ingizeni bisibisi bapa kwenye mfereji wa shafti kwa nyuma, upande wa feni, mzungushe kwa mkono hadi iachie.

Yapo ya kukataa mlangoni. Maikrowevu, kwa sababu kapasita yake hubeba volti maelfu na inaua hata ikiwa imechomolewa. Betri ya simu iliyovimba: ndoo ya mchanga, nje, mbali na ukuta wa makuti. Mita ya umeme na waya unaotoka nguzoni ni mali ya ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, karakana haina kazi nayo. Jenereta, itengenezwe, lakini asifundishwe mtu kuichomeka kwenye soketi ya nyumba. Unguja ilikaa karibu mwezi mzima gizani mwaka 2008, na tena miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, na jenereta zikajaa mitaani. Umeme unaorudi nguzoni kutoka jenereta ya jirani unamkuta fundi aliye juu ya ngazi akiamini laini imekufa. Swichi ya kubadilishia kati ya umeme wa nguzoni na wa jenereta, au hakuna.

Kuhusu watu, shida ya kwanza haitakuwa fedha. Itakuwa fundi wa mtaa, ambaye ataona mmemjia kula riziki yake, na ana haki ya kuona hivyo. Mwendeeni kabla ya kufungua, mumwite fundi, mumpe siku yake ya kufundisha na malipo yake, na kazi za kusuka mota na friji zielekezwe kwake. Karakana ibaki na utambuzi na kazi ndogo. Ufundi wetu umerithishwa kwa kuona. Mwanagenzi wa majahazi Nungwi hapewi mchoro, anashika ubao hadi jicho lake lijue mkunjo. Kwa mbao hilo linafaa, jicho linaona kosa. Umeme hauonekani, na mtu aliyeshika tochi miaka miwili bila kuelezwa anatoka anajua kubadilisha, hajui kutambua. Kule Kinyasini wanawake wa vijijini, wengine bibi wenye wajukuu, wamefundishwa kufunga na kutengeneza sola, kwa hiyo anayesema "bi mkubwa hawezi mambo haya" atafute hoja nyingine. Anayetaka cheti aelekezwe vituo vya mafunzo ya amali, Mwanakwerekwe, Mkokotoni au Vitongoji.

Mwenye kifaa asikiache na kuondoka. Akae kwenye benchi, ashike bisibisi, aone. Kila kazi iandikwe katika daftari moja: kitu, kilicholalamikiwa, kilichopimwa na namba zake, kilichobadilishwa, na kama kimerudi. Baada ya kurasa arubaini mtajua kapasita ipi ya kuweka akiba na waya upi msiununue tena Darajani.

Jioni, kabla ya kufunga, koleo na bisibisi zifutwe kwa kitambaa chenye mafuta ya mashine, na betri ya mita itolewe. Ikivujia ndani usiku wa masika, kesho mtaanza kwa kutengeneza mita.